Anti, ada ya milioni 200 tutaitoa wapi?

Mwezi huu meseji zilizoingia ni za jambo moja tu, wazazi na watoto wa kidato cha tano na cha sita wanaulizia kwenda kusoma digrii ya kwanza kwenye vyuo vikuu binafsi vya utafiti huko nje, wengi wakitaja Marekani. Nimechagua sita. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba wenyewe, nimebakiza mitaa.

SWALI: Habari za kazi anti. Mimi ni mama ntilie hapa Tabata Relini, baba watoto ni dereva wa malori ya Tunduma. Binti yetu yuko kidato cha tano PCM shule ya serikali, ana akili sana na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Juzi kanionyesha kwenye simu chuo cha Marekani, gharama za mwaka dola elfu 90, nikapiga hesabu nikaona ni zaidi ya milioni 200, tena mwaka mmoja tu. Sikulala. Nimwambie aache hizo ndoto? (Mama wa Tabata)

JIBU: Salama mama, pole na kukosa usingizi. Usimwambie aache, mwambie aendelee, ila kwanza mkae nyote muelewe ile bei ni ya nani.

Sisi hapa tukisikia chuo binafsi tunawaza chuo cha mtu au cha taasisi inayosubiri ada yake, na mara nyingi mtoto anaenda huko akiwa amekosa nafasi cha serikali. Kule mambo yako tofauti. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Stanford, Duke, hivi vyote ni binafsi kwa maana serikali haivimiliki, lakini hakuna mwenye hisa anayegawiwa faida mwisho wa mwaka. Vinabebwa na kitu ambacho sisi watu wa pwani tunakijua siku nyingi, wakfu. Mtu anatoa mali, inawekezwa, na kila mwaka chuo kinachota sehemu tu ili kisima kisikauke. Mfanyabiashara wa Baltimore aliyeitwa Johns Hopkins alipofariki mwaka 1873 aliacha dola milioni 7 zigawanywe kati ya chuo na hospitali, chuo kikafunguliwa 1876 na ndo kinachohesabiwa kuwa chuo cha kwanza cha utafiti Marekani. Stanford kilianzishwa na wazazi waliofiwa na mtoto wao wa pekee. Leo wakfu wa Harvard peke yake umepita dola bilioni 50.

Hela hiyo mama ndo inamsomesha mtoto wa mama ntilie. Ile dola elfu 90 ni bei ya familia yenye uwezo wa kuilipa. Vyuo vya namna hii vinaangalia kipato chenu, vinapiga hesabu nyie mnaweza kuchangia kiasi gani kwa mwaka, pengo lililobaki vinaziba vyenyewe, na sehemu kubwa inakuwa ruzuku sio mkopo. Harvard wametangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 familia yenye kipato cha dola laki moja kwa mwaka kushuka chini hailipi ada, wala chumba, wala chakula, na mwanafunzi wa nje wanampima kwa mizani ileile ya Mmarekani. Sasa wewe na baba watoto mkijumlisha kila kitu mtafika wapi kwenye hiyo laki moja ya dola? Hamfiki hata karibu. Kwa hiyo kwa mtoto wenu chuo chenye bei ya kutisha kuliko vyote kinaweza kuwa ndo rahisi kuliko vyote, akikubaliwa.

Lakini sio vyote viko hivyo, na hapa ndo watu wanaumia. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Dartmouth hawaangalii mfuko wako wakati wa kukuchagua hata ukiwa mgeni, na wakikuchukua wanaziba pengo lote. Stanford, Duke, Columbia na Vanderbilt wakikuchukua wanaziba pengo pia, ila kwa mgeni wakati wa kuchagua wanaangalia kama unaomba hela, kwa hiyo mlango unakuwa mwembamba zaidi. Alafu kuna kundi kubwa sana la vyuo ambavyo vitakutumia barua nzuri ya kukubaliwa na skolashipu ya dola elfu 20 kwenye gharama ya dola elfu 80, mtaa mzima unapiga vigelegele, mwezi wa nane mtoto bado yuko nyumbani maana zile 60 hazipo. Vyuo vya serikali za majimbo kwa mgeni wa digrii ya kwanza kwa kawaida msaada wake ni mdogo sana. Kabla ya kuulizia kozi, kabla ya kuangalia picha za majengo, ulizeni hivi, je chuo hiki kinaziba pengo lote kwa mwanafunzi wa nje? Jibu liko kwenye tovuti ya chuo sehemu ya misaada ya fedha, na kama halieleweki tuma imeili, wanajibu.

Na hela iombwe siku ileile anapoomba chuo. Pale Stanford mgeni asiyeomba msaada mwanzoni haruhusiwi kuuomba baadae miaka yote minne. Mwaka fulani nilimpokea kijana aliyeshauriwa aseme hana shida ya hela ili apendwe, chuo kimoja kikamkubali, ndo akaanza kulia kwangu na mi sikuwa na la kumsaidia.

Vyuo vingi vitamtaka ajaze fomu inayoitwa CSS Profile, inauliza kipato cha wazazi mpaka shilingi ya mwisho. Wewe huna hati ya mshahara, sawa, andika ukweli, kwa siku unauza kiasi gani, mtaji kiasi gani, nyumba mmepanga au yenu, mnasomesha wangapi. Chukua barua serikali ya mtaa, printi taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa, mzee aombe barua kwa mwajiri wake. Usiongeze na usipunguze, wakikuta namba hazishikani wanaacha kukuamini. Na ada ya maombi, ambayo ni kama dola 75 mpaka 90 kwa kila chuo, kwa familia yenu anaweza kuomba asamehewe, wala asione aibu kuomba.

SWALI: Shikamoo anti. Niko Mbagala Rangi Tatu, nimemaliza PCM nataka kompyuta. Naambiwa kule unaingia chuo bila kozi unakaa miaka miwili ndo unachagua, si kupoteza muda? Na hicho chuo cha utafiti maana yake nini kwa mtu wa digrii ya kwanza, mi sio profesa. (Kijana wa Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hupotezi muda, kwenye hiyo miaka miwili unasoma kweli. Unachukua hesabu na kompyuta kama unavyotaka, na pembeni yake wanakutaka usome historia, uandishi, lugha, uchumi, kisha kwenye vyuo vingi mwisho wa mwaka wa pili unatamka rasmi fani yako. Columbia wana masomo ya lazima ya namna hiyo tangu 1919. Kwetu unaomba kozi kabisa kulingana na tahasusi yako na ukishaingia kubadilisha ni kazi, kule mtoto wa miaka 19 anaruhusiwa kugundua kumbe anapenda takwimu kuliko programu. Ila angalia, vyuo vingine uhandisi unaombwa tangu mwanzo, soma masharti ya kila kimoja.

Utafiti sasa. Mwalimu anayekufundisha ndo huyohuyo anayetafuta dawa au anayetengeneza roboti, na anahitaji mikono. MIT tangu 1969 wana mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa digrii ya kwanza maabara wakafanye utafiti na maprofesa kwa malipo au kwa alama. Nafasi ya kumwandikia profesa imeili ukiwa mwaka wa kwanza ukasema nimesoma kazi yako naomba kujifunza kwako, hiyo ndo thamani kubwa ya vyuo hivi kwangu mimi kuliko hata jina kwenye cheti. Asilaumu mtu aliyekaa miaka minne bila kugonga mlango wa profesa hata mmoja. Na tena vingi ni vidogo, MIT wote wa digrii ya kwanza hawazidi elfu tano, Caltech ni kama elfu moja tu, shule yako ya sekondari inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

SWALI: Anti shikamoo, mimi ni binti wa PCB, Kigamboni. Ndoto yangu ni udaktari wa binadamu Marekani. Nianzie wapi? (Binti wa Kigamboni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nitakwambia ukweli mapema ili usije kuukuta njiani. Marekani udaktari sio digrii ya kwanza. Unasoma miaka minne kwanza digrii ya kitu kingine, baiolojia au kemia au hata historia ilimradi umechukua masomo ya sayansi yanayotakiwa, ndo unaomba shule ya tiba, miaka mingine minne, alafu mafunzo ya ubingwa. Na ule ukarimu wa hela niliomwambia mama wa Tabata unaishia kwenye digrii ya kwanza, shule nyingi za tiba hazichukui wageni kabisa na zinazochukua mara nyingi zinataka uonyeshe hela yote.

Muhimbili ukiingia kusoma MD ni miaka mitano na mwaka mmoja wa intaniship, unatoka daktari. Kwa hiyo jiulize, unataka kutibu watu au unataka sayansi ya magonjwa yenyewe? Kama ni kutibu, soma hapa au nchi ambazo tiba ni digrii ya kwanza, mfano Uturuki ambako chuo binafsi cha Koç cha Istanbul wanafundisha udaktari kwa Kiingereza. Kama moyo wako uko maabara, unataka kujua kwa nini malaria inazishinda dawa, hapo chuo cha utafiti cha Marekani ni mahali pako.

SWALI: Mimi ni mzazi wa Kimara Korogwe. Kuna ofisi wameniambia nilipe milioni tatu na nusu wananihakikishia kijana anapata skolashipu ya asilimia mia, na insha watamwandikia wao. Nitoe? (Baba wa Kimara)

JIBU: Shikamoo baba. Nakuomba usitoe. Hakuna mtu Dar es Salaam wala popote anayeweza kukuhakikishia hilo, maana anayeamua ni kamati ya chuo na hata Mmarekani mwenye alama zote anakataliwa. Vyuo kama Harvard na MIT vinachukua chini ya watu watano katika kila mia wanaoomba.

Hili linaniuma kwa sababu limetokea nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu alilipiwa kwenye ofisi moja ya namna hiyo, dada aliuza kiwanja cha Chanika, wakamwandikia insha na kumwombea vyuo sita, baadae tukaja kugundua katika hivyo sita hakuna hata kimoja kinachoziba pengo kwa mgeni. Alikubaliwa vinne. Hakwenda hata kimoja. Tulipoomba nywila ya akaunti yake ili angalau arekebishe mwaka unaofuata wakasema ni mali ya ofisi. Kijana alikaa ndani wiki nzima haongei na mtu.

Ushauri wa bure upo. EducationUSA ni mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanafunzi na hapa Dar unapatikana kupitia ubalozi wao, hawalipishi ushauri. Akaunti ya maombi afungue kijana mwenyewe kwa imeili yake na nywila aijue yeye na wewe. Na kuhusu kuandikiwa insha, baba yangu, chuo kikigundua kinafuta nafasi hata kama mtoto ameshafika kule. Zile milioni tatu na nusu ziweke, akipata chuo kuna tiketi, kuna viza, kuna sweta na viatu vya baridi.

SWALI: Nimesikia Marekani wamefunga viza za wanafunzi wa Tanzania, ni kweli au maneno ya wasapu? Kama kweli si ndo basi? (Msomaji wa Ubungo)

JIBU: Ni kweli ndugu yangu. Tangazo lilitoka Desemba 2025, kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Tanzania imewekwa kwenye orodha ya nchi zenye kizuizi cha baadhi ya viza, na viza ya wanafunzi inayoitwa F imo. Agizo lenyewe linasema litapitiwa upya kila baada ya siku 180, kwa hiyo linaweza kulegezwa na linaweza kuendelea, na kabla ya kulipa dola 350 za SEVIS, yaani ada ya kusajiliwa kama mwanafunzi wa nje, au dola 185 za viza ingia tovuti ya ubalozi uone hali ya siku hiyo, usitegemee meseji ya kufowadiwa.

Kwa watoto wanaoomba sasa hivi mi nawaambia ombeni, lakini msiweke mayai yote Marekani. Akikubaliwa na viza ikakwama anaweza kukiomba chuo kimshikie nafasi mwaka mmoja, vingi vinakubali ukieleza mapema. Na vyuo binafsi vya utafiti viko sehemu nyingine pia. New York University wana kampasi Abu Dhabi iliyopokea wanafunzi wa kwanza 2010, digrii ni ileile ya New York, misaada kwa wageni ni mikubwa na fomu ya maombi ni ileile ya Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, kwa hiyo kazi aliyokwisha kufanya haipotei. Doha kuna Carnegie Mellon, Georgetown na Northwestern, China kuna Duke Kunshan. Uturuki kuna Bilkent ya Ankara, chuo binafsi cha kwanza nchini humo, tangu 1984, na Koç niliyoitaja, wanafundisha kwa Kiingereza na wanatoa skolashipu kwa ufaulu. Japani kuna Waseda na Keio zenye programu za Kiingereza, ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na Marekani. Carnegie Mellon ya Kigali wengi mnaniulizia, ile ni ya masta, kwa digrii ya kwanza bado sio yenu.

SWALI: Shikamoo anti, niko Gongo la Mboto, nimepata divisheni wani HGE, ila sijawahi kuwa kiranja wala sina vyeti vya kilabu, nikitoka shule nilikuwa namsaidia bibi dukani. Wenzangu wana midahalo na mashindano. Nitaandika nini? Na je nimechelewa? (Kijana wa G. Mboto)

JIBU: Marahaba. Utaandika duka. Kwenye Common App kuna nafasi kumi za kueleza shughuli zako, na kazi za kulipwa na majukumu ya familia yana sehemu yake kabisa, yameandikwa pale. Mtu aliyefungua duka saa kumi na mbili asubuhi, akajua nani anakopesheka na nani hakopesheki, akampigia bibi hesabu za mwezi kwenye daftari, na bado akapata divisheni wani, kamati inamwelewa vizuri kuliko unavyodhani. Andika saa ngapi kwa wiki, kwa miaka mingapi. Insha kubwa ni maneno 650 tu, usijaze misemo mikubwa kuhusu kuikomboa Afrika, nieleze siku moja pale dukani ambayo ulibadilisha mawazo yako kuhusu kitu, kisha mpe mtu mmoja anayekujua aisome na umuulize kama amekusikia wewe humo ndani.

Kuchelewa hujachelewa. Watoto wetu wengi shuleni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo wanaoomba wakiwa kidato cha sita ni wachache, dirisha la mapema linafungwa tarehe 1 Novemba na la kawaida siku za mwanzo za Januari, majibu yanatoka mwisho wa Machi, unatakiwa kujibu tarehe 1 Mei, mwezi uleule wa mtihani wa NECTA. Ukiomba baada ya kumaliza unapishana na hiyo presha yote, na kukaa mwaka mmoja nyumbani sio kosa kwao, sema tu ulikuwa unafanya nini. Mpango unaoitwa Early Decision uwe nao makini, ukikubaliwa umefungwa, lazima uende chuo hicho, usiuchague mpaka umeona chuo kinaziba pengo lote kwa wageni.

SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, wengine wameirudisha kuwa lazima, MIT, Harvard na Dartmouth wamo, siku hizi inafanywa kwenye kompyuta, alama ya juu ni 1600, na mazoezi ya Khan Academy ni bure. Jisajili mapema nafasi hapa Dar zinajaa.

Jambo la mwisho ndo linalowakwamisha wengi, barua za walimu. Wewe huzigusi, mwalimu anatumiwa linki kwenye imeili yake anaandika na kutuma mwenyewe, na walimu wetu wengi hawajawahi kuandika barua ya namna hiyo, wataandika "ni kijana mwenye nidhamu" wamalize. Kwa hiyo usimpigie simu, panda gari nenda shuleni, mwamkie, mpelekee karatasi moja uliyomwandikia mambo uliyofanya darasani kwake, lile swali la jiografia mlilobishana, ile siku uliyomsaidia kusahihisha. Mwambie tarehe ya mwisho ni wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe. Na kama hana bando mwekee.